Ukurasa Unaopendeza na Ukurasa Unaopatikana

Siku hizi shule, vyama na hata majarida madogo kama hili letu hutamani kuwa na tovuti. Aghalabu kazi ya kuitengeneza hugawanywa kwa watu wawili. Wa kwanza ni msanifu, ambaye huchagua rangi, picha, aina ya herufi na mpango wa ukurasa. Wa pili huitwa baadaye, mara nyingi baada ya miezi kupita bila wageni kuonekana, ili aufanye ukurasa ule ule upatikane mtu anapoandika swali lake katika injini ya utafutaji kama vile Google. Kazi hizi mbili zimezoeleka kuwa mbalimbali, hata zinafundishwa katika kozi tofauti na kulipwa kwa hesabu tofauti.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba hapo mwanzo zilikuwa kazi moja, kisha zikatenganishwa, na baada ya miaka mingi zikarudiana. Hatuiandiki historia hii kwa ajili ya mafundi wa kompyuta, kwani wao wana vitabu vyao. Twaiandika kwa sababu ni historia ya maandishi na msomaji wake. Tena mwanafunzi wetu wa hapa Uganda, ambaye mtaala wa sekondari ulioanza mwaka 2020 unamtaka achunguze mambo mwenyewe, akiuliza swali kwa Kiswahili mara nyingi hukuta ukurasa wa Kiingereza umetangulia. Baadhi ya sababu za jambo hilo ziko mbali na uwezo wetu. Nyingine zimo mikononi mwetu kabisa, nazo hueleweka vizuri zaidi tukijua zilikotoka.

Mwezi wa Machi 1989, Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva, aliwapelekea wakubwa wake pendekezo la kuziunganisha hati za watafiti zilizokuwa zimetawanyika katika kompyuta mbalimbali. Kufikia mwisho wa mwaka 1990 ukurasa wa kwanza ulikuwa tayari, na mwezi wa Agosti 1991 wavuti ilitangazwa kwa watu wa nje. Kurasa hizo ziliandikwa kwa alama zinazoitwa HTML. Jambo la kuangaliwa sana hapa ni tabia ya alama zile za mwanzo. Palikuwa na alama ya jina la hati, alama za vichwa vya habari vya daraja sita, alama ya aya, ya orodha, na ya kiungo kinachompeleka msomaji kwenye hati nyingine. Hapakuwa na alama ya rangi, wala ya kuweka maneno upande wa kulia au wa kushoto. Yaani alama zilieleza wajibu wa maneno, hazikueleza sura yake. Mwalimu wa sarufi hatapata taabu kuielewa tofauti hii, kwani ndiyo ile tunayoifundisha kila siku: kiima ni kiima kwa sababu ya kazi yake katika sentensi, hata kama kimeandikwa kwa wino mwekundu.

Na zile kurasa zilipatikanaje? Mwanzoni Berners-Lee mwenyewe aliweka orodha ya seva zilizokuwapo, akiongeza kila mpya iliyotokea. Palikuwa tayari na mfano wa kutafuta kwa mashine. Mwaka 1990 Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, alitunga programu iliyoitwa Archie, ambayo ilikusanya majina ya mafaili yaliyohifadhiwa katika kompyuta za mbali ili mtu aweze kuyatafuta. Lakini Archie ilitangulia wavuti, nayo ilijua majina ya mafaili tu, haikujua yaliyomo ndani.

Programu inayotuhusu zaidi ilitokea Desemba 1993 katika Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti. Jonathon Fletcher alitengeneza JumpStation, ambayo ilizunguka yenyewe kutoka kiungo hadi kiungo, ikaweka faharasa ya kurasa ilizozikuta, na kumruhusu mtu kuandika neno na kupata jibu. Uwezo wa mashine yake ulikuwa mdogo, kwa hiyo haikuweza kuhifadhi maandishi yote ya kila ukurasa. Ilichukua jina la hati na vichwa vya habari, basi. Tukumbuke kwamba jina na vichwa ndivyo vile vile ambavyo mwandishi alivitia alama ili ukurasa wake usomeke vizuri. Mtu aliyepanga hati yake kwa utaratibu, akaipa jina linaloeleza na vichwa vinavyoeleza, alikuwa amemaliza kazi zote mbili kwa tendo moja bila kujua kwamba ni mbili. JumpStation haikudumu, Fletcher aliondoka chuoni mwishoni mwa mwaka 1994 nayo ikakoma.

Mtengano ulianza na picha. Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marc Andreessen na Eric Bina walitoa Mosaic, kivinjari kilichoonyesha picha na maandishi pamoja katika dirisha moja, na mara wavuti ikapendwa na watu wasio watafiti. Wafanyabiashara wakaja, na pamoja nao wakaja wasanifu waliokuwa wamezoea matangazo na majarida ya karatasi. Watu hawa walikuta kurasa za kijivu, maandishi yaliyoanzia ukingo mmoja hadi mwingine, na aina chache sana za herufi. Yafaa tuwe waadilifu kwao. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, maana ukurasa mbovu kwa macho humchosha msomaji, na kuchoka ni mwanzo wa kuacha kusoma. Walichotaka ni uwezo ambao mpiga chapa yeyote alikuwa nao: kuliweka neno mahali anapotaka likae.

HTML haikuwapa uwezo huo, kwa hiyo waliupata kwa njia ya mzunguko. Majedwali yaliyokusudiwa kwa takwimu yaligeuzwa kuwa kiunzi cha ukurasa mzima: menyu katika chumba hiki, kichwa katika kile, nusu ya habari huku na nusu kule. Picha ndogo isiyo na rangi, ya nukta moja tu, ilitandazwa ili kusukuma maneno yakae mbali kidogo. Na kwa kuwa herufi nzuri hazikuwamo katika kompyuta ya msomaji, kichwa cha habari kilichorwa kama picha na kubandikwa. David Siegel wa Marekani alizifundisha mbinu hizi katika kitabu chake cha mwaka 1996, kikauzwa sana. Mwaka uliofuata, 1997, mtu huyo huyo aliandika makala akisema waziwazi kwamba wavuti imeharibika na kwamba yeye ndiye aliyeiharibu. Twampenda kwa ukweli wake, ijapokuwa wanafunzi wake waliendelea na majedwali kwa miaka kadhaa baadaye.

Uharibifu wenyewe ulikuwa nini? Ukurasa ulionekana vizuri zaidi, lakini ndani yake maana ilikuwa imevunjika. Kichwa kilichochorwa si kichwa tena, ni mchoro. Mashine inayopita haioni neno pale. Habari iliyokatwakatwa katika vyumba vya jedwali husomwa kwa mpangilio ambao mwandishi hakuukusudia. Kilele chake kilikuwa Flash, programu iliyopewa jina hilo baada ya kununuliwa na kampuni ya Macromedia mwishoni mwa mwaka 1996. Kwa Flash tovuti nzima, yenye maandishi, sauti na michoro inayotembea, iliweza kufungiwa katika faili moja. Kwa macho ilikuwa ni sinema. Kwa injini za utafutaji za wakati ule ilikuwa kama sanduku lililofungwa kufuli, na kwa kuwa ndani hamkuwa na kurasa zenye anwani zake, hata rafiki hakuweza kumwelekeza rafiki kwenye habari moja.

Wakati wasanifu wakienda upande huo, watafutaji nao walikwenda wao. Mwezi wa Aprili 1994 Brian Pinkerton wa Chuo Kikuu cha Washington alitoa WebCrawler, ambayo ilisoma maneno yote ya ukurasa badala ya vichwa tu. Mwaka huo huo Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Stanford, walianzisha orodha iliyokuja kuitwa Yahoo, ambamo tovuti zilipangwa na watu kwa mada kama vitabu vya maktaba. Desemba 1995 kampuni ya Digital ikatoa AltaVista, yenye kasi na faharasa kubwa kuliko zote zilizotangulia. Injini hizi zilipima uzito wa ukurasa kwa kutazama, pamoja na mambo mengine, ni mara ngapi neno lililotafutwa limo ndani yake. Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya pili. Danny Sullivan, aliyekuwa mwandishi wa magazeti huko California, alianza mwaka 1996 kuandika mwongozo wa namna injini zinavyofanya kazi, nayo ilikuwa elimu ya maana. Lakini pembeni ya elimu ilikua hila. Watu walirudia neno moja mara mia mwishoni mwa ukurasa. Waliandika kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe, ili mashine ione na binadamu asione. Palikuwa na sehemu maalumu ya maneno muhimu, iliyofichwa kichwani mwa hati, ambayo iliwekwa kwa nia njema. Ikajazwa takataka kiasi kwamba mwaka 2009 Google ilitangaza wazi kuwa haiitumii kabisa katika kupanga matokeo yake.

Sisi walimu tunaijua tabia hii. Ni ile ya mtahiniwa aliyesikia kwamba methali huongeza alama, akajaza insha yake methali kumi na mbili, nyingine zikipingana. Hamwandikii msomaji, anaandikia kalamu nyekundu.

Basi mnamo mwaka 1998 tuliweza kukuta tovuti mbili za kampuni moja ndani ya tovuti moja: ile nzuri ya kuonwa na watu, na ile mbaya ya kulishwa mashine. Mazoea hayo hayakuwa ya wachuuzi wadogo peke yao. Mwezi wa Februari 2006 Google iliiondoa katika faharasa yake tovuti ya Kijerumani ya kampuni ya magari ya BMW, kwa kosa la kuweka kurasa zilizosheheni maneno ya kutafutwa, ambazo mgeni halisi alipozifungua alirushwa mara moja hadi ukurasa mwingine wenye picha nzuri. Kurasa hizo zilifutwa, na tovuti ikarejeshwa baada ya siku chache.

Ni nini basi kilichozirudisha kazi hizi pamoja? Sababu zilikuwa mbili, na moja kati yake aghalabu husahauliwa.

Sababu inayojulikana ni Google yenyewe. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa bado wanafunzi wa Stanford, walichapisha maelezo ya injini yao ya majaribio iliyokuwa na kurasa milioni 24. Wengi hukumbuka jambo moja katika maelezo yale: kwamba kiungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kilihesabiwa kama wanazuoni wanavyohesabu marejeo, na kwamba rejeo kutoka kwa ukurasa wenye heshima lilikuwa na uzito zaidi. Lakini yamo mengine mawili ambayo mwalimu wa lugha hana budi kuyaangalia. Kwanza, injini ilisoma maneno yaliyoandikwa juu ya kiungo na kuyahesabu kuwa maelezo ya ukurasa unaoelekezwa. Pili, ilitunza habari za ukubwa wa herufi, na neno lililoandikwa kwa herufi kubwa au nzito kuliko majirani zake lilipewa uzito zaidi. Maana yake ni kwamba mashine ilikuwa imeanza kuutazama usanifu wa ukurasa, kama msomaji anavyoutazama anapofungua gazeti na kujua kwa mtupo mmoja wa jicho ni lipi kubwa na lipi dogo. Msanifu aliyepanga ukubwa wa herufi zake kwa akili alikuwa, kwa mara ya pili katika historia hii fupi, anafanya kazi zote mbili.

Sababu inayosahauliwa ni wasomaji wasioona. Mwezi wa Mei 1999 shirika linaloweka kanuni za wavuti, W3C, lilitoa mwongozo wa kuziwezesha kurasa kusomwa na watu wenye ulemavu. Agizo lake la kwanza lilikuwa kwamba kila picha iandamane na maneno yanayoieleza. Mwongozo ni karatasi tu mpaka mtu aushike mkononi na kudai haki yake. Mwezi wa Juni mwaka huo huo Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona tangu kuzaliwa, aliishtaki kamati iliyokuwa ikiandaa Michezo ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000. Yeye alisoma wavuti kwa kifaa kinachogeuza maandishi kuwa nukta nundu chini ya vidole. Tovuti ya michezo ilikuwa na picha zisizo na maneno, na baadhi ya kurasa zake hazikufikika kwa mtu wa hali yake. Tume ya haki za binadamu ya nchi ile ilimpa haki, na mwezi wa Novemba 2000 kamati iliamriwa imlipe dola 20,000 za Australia.

Sasa tuulize: kilichomzuia Maguire kilikuwa nini? Vichwa vilivyochorwa, picha bubu, majedwali yasiyofuata mpangilio. Hivyo ndivyo vile vile vilivyoizuia injini ya utafutaji. Injini nayo ni msomaji asiye na macho. Haipendezwi na rangi. Hufuata maneno moja baada ya jingine, na huuliza hili ni kichwa au ni aya, kiungo hiki chaenda wapi, picha hii ni ya nini. Ukurasa uliotengenezwa kwa heshima ya mtu asiyeona ulijikuta, bila hila yoyote, umetengenezwa pia kwa ajili ya injini. Kwetu sisi hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote ya historia yenyewe, kwani haki ya wachache iliwafungulia njia wengi.

Ilibaki shida ya uzuri. Je, lazima ukurasa wenye maana uwe wa kijivu kama zamani? Jibu lilikuwa limeanza kutolewa tangu Oktoba 1994, wakati Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa CERN, alipopendekeza kwamba sura ya ukurasa iandikwe mahali pake peke yake, mbali na maandishi. Akishirikiana na Bert Bos wa Uholanzi, pendekezo hilo likawa kanuni iitwayo CSS mwezi wa Desemba 1996. Vivinjari vya wakati ule viliifuata kwa kusuasua, kila kimoja kwa makosa yake, na wasanifu wengi wakaona heri majedwali waliyoyazoea. Mwezi wa Mei 2003 Dave Shea wa Kanada alifungua tovuti iliyowaondolea watu shaka. Aliweka hati moja tu ya maandishi, akawakaribisha wasanifu wa nchi mbalimbali waivalishe kwa CSS bila kugusa hata neno moja. Walioitembelea waliona ukurasa ule ule ukiwa bustani ya Kijapani, kisha bango la sinema, kisha sakafu ya bahari. Mwili ulikuwa mmoja, mavazi mengi. Chini ya kila vazi vichwa vilibaki vichwa na aya zikabaki aya, tayari kusomwa na yeyote, mwenye macho na asiye nayo.

Yaliyofuata twaweza kuyapitia kwa haraka. Simu za mkononi zilileta kioo kidogo, na Mei 2010 Ethan Marcotte wa Marekani akaeleza namna ya kuutengeneza ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na upana wa kioo. Mwaka huo huo Google ilitangaza kwamba kasi ya ukurasa itahesabiwa katika kupanga matokeo. Tarehe 21 Aprili 2015 ilianza kuzipendelea, kwa watafutao kwa simu, kurasa zinazosomeka vizuri katika simu. Tangu mwaka 2021 hupima pia muda ukurasa unaochukua kuonekana na kama maneno yanarukaruka wakati yakipakiwa. Flash ilikomeshwa rasmi mwishoni mwa mwaka 2020, na sanduku lile likabaki limefungwa pamoja na yote yaliyokuwamo. Kwa msomaji anayenunua data kwa shilingi mia chache, kasi si anasa: picha kubwa ya mapambo inayokula data yake kabla ya somo kuonekana ni dhuluma ndogo, na twafurahi kwamba mashine nayo imeanza kuihesabu kuwa kosa.

Hadi hapa tumesema kana kwamba lugha zote ni sawa mbele ya mashine. Si hivyo. Mwaka 1980 Martin Porter wa Cambridge alichapisha kanuni iliyokuja kutumiwa mahali pengi, ya kuyapunguza maneno ya Kiingereza hadi mashina yake ili anayetafuta neno katika hali moja alipate na katika hali nyingine. Kanuni hiyo hukata miisho ya maneno, na kwa Kiingereza yafaa, kwani lugha hiyo hugeuza maneno yake nyuma. Kiswahili hugeuza zaidi mbele. Mwalimu, walimu na ualimu. Kitabu na vitabu. Anafundisha, walifundisha, hatutafundisha. Mashine isiyoijua sarufi yetu huyaona haya kuwa maneno mageni kila moja kwa jingine, na herufi ya kwanza, ambayo katika lugha nyingi ndiyo mlango wa neno, kwetu ni pazia linalobadilishwa.

Watunga kamusi walikwisha kupambana na tatizo hili kabla ya kompyuta. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, iliweka nomino nyingi zinazotokana na vitenzi chini ya kitenzi chenyewe, hivyo mpishi na mapishi hutafutwa penye pika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ikamweka mpishi penye herufi M. Njia ya kwanza humpendeza mwanaisimu. Ya pili humsaidia mwanafunzi ambaye bado hajui shina ni lipi. Kila mpango wa ukurasa ni ubashiri wa namna msomaji atakavyotafuta. Injini za siku hizi zimeendelea sana, na hubahatisha uhusiano wa maneno kwa njia nyingine kuliko kukata miisho. Hata hivyo zinajifunza kutokana na maandishi yaliyopo, na yetu ni machache.

Kwa hiyo yafaa tuangalie mazoea yetu wenyewe ya uandishi. Sisi waandishi wa Kiswahili hupenda kuipa makala jina la fumbo au nusu ya methali. Katika jarida la karatasi hakuna ubaya, kwa sababu msomaji amekwisha kulishika jarida, anajua ni la walimu, na fumbo humvuta aendelee. Katika wavuti jina husafiri peke yake. Hutokea katika orodha, katikati ya majina ya wageni, na msomaji humpa kila mmoja nusu ya sekunde. Makala ya ngeli inayoitwa Haba na Haba itafunguliwa na wanaotafuta maana ya methali, na mwanafunzi wa ngeli ataipita. Fumbo tusilitupe. Lishuke liwe sentensi ya kwanza, na jina liwe Ngeli za Nomino za Kiswahili na Upatanisho Wake.

Ni hivyo pia katika uchaguzi wa istilahi. Mwenye kuandika ngamizi au tarakilishi kila mahali, bila kuandika kompyuta hata mara moja, ameutunza usafi wa lugha kwa kumwacha msomaji nje. Tungeshauri neno analolijua mwanafunzi litangulie kichwani, na istilahi ifundishwe ndani. Umoja na wingi navyo vitumiwe vyote viwili mahali vinapokubalika kwa ufasaha, na katika maelezo ya somo ni nadra visikubalike. Hapa twaonya: hatusemi neno lirudiwe. Anayelirudia neno ili alishe mashine amerudi kule kwenye maandishi meupe juu ya nyeupe, na injini za leo humtambua. Mwezi wa Machi 2024 Google ilizitaja waziwazi kuwa ni hila zile kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kuvutia watafutaji bila kuwafaa, na wanaosoma Kiswahili katika wavuti wamekwisha kukutana nazo: tafsiri za mashine zisizo na upatanisho wa ngeli, zilizoachwa bila kupitiwa na mtu.

Mambo mengine ni madogo lakini hutendwa kila siku. Kiungo kinachosema bonyeza hapa hakimwambii mtu wala mashine kitu chochote, ilhali kinachosema mazoezi ya viambishi vya njeo kimekwisha kueleza kinakokwenda. Tangazo la shule lililopigwa picha na kubandikwa, likiwa na tarehe, ada na mahali pa mkutano ndani ya picha, lina kasoro ile ile ya vichwa vya mwaka 1996. Mashine za leo zina uwezo wa kuyasoma baadhi ya maandishi yaliyomo katika picha, lakini huyasoma kwa makosa, hasa katika lugha zisizozizoea, na mzazi asiyeona hapati kitu. Tena kuna alama ya lugha: hati ya Kiswahili yatakiwa itaje kichwani mwake herufi sw. Isipotajwa, au ikiachwa na herufi za Kiingereza zilizokuja pamoja na kiolezo, programu inayosoma kwa sauti huweza kuyatamka maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza, na anayesikiliza hulazimika kukisia.

Liko pia suala la matoleo ya zamani. Katika makabati ya walimu wengi yamo majarida yaliyopigwa kwa stensili, yenye mazoezi, hadithi na mijadala ya istilahi isiyopatikana kwingine. Yanapohifadhiwa siku hizi, aghalabu hupigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na faili hupewa namba iliyotolewa na mashine. Faili la namna hiyo limeokolewa na mchwa, halijafika kwa msomaji. Wino wa stensili ukififia, herufi za m, n na u husomwa moja kwa nyingine, na kiambishi kikikosewa neno zima limepotea. Maandishi hayo yangepigwa chapa upya kwa mkono, kila makala ikapewa anwani yake, jina lake kamili, mwaka wake na jina la mwandishi, na picha ya ukurasa wa asili ikawekwa kando kwa anayetaka kulinganisha. Walimu wawili wakishirikiana, mmoja akisoma na mwingine akipiga, jarida jembamba humalizika kwa likizo moja. Na yaanze yaliyofifia zaidi.